Kibarua wa Nyumba Yangu Mwenyewe

Mliokuwa nami wiki iliyopita mliniacha nje ya lango langu, kofia ya kuazima kichwani, kitambaa cha vumbi puani, na fundi wangu amesimama mbele yangu asinijue.

Kwa aliyekosa nitasema kwa ufupi. Huu ni mwaka wangu wa tisa ng'ambo, nafua mashuka ya hospitali. Ninamjengea mama nyumba. Fundi wa kwanza alikuwa binamu yangu. Alijenga msingi wangu, kisha akahamia kujenga kwake. Wa pili alinitumia picha za nyumba nzuri kila mwezi, hadi siku nilipoikuza picha moja nikaona dirishani pazia, na nyuma ya pazia watu wanakula.

Wa tatu ni huyu wanayemwita Timazi, kwa sababu hachoki kuning'iniza ile kamba yake yenye chuma ukutani kuona kama ukuta umesimama wima. Nilitafutiwa na dada yangu mdogo, ambaye ndiye msimamizi wangu. Mwaka mzima sikusikia neno baya juu ya fundi huyu. Hilo ndilo lililonitia wasiwasi. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Basi nikaomba likizo, nikaja bila kumwambia ndugu yeyote, nikapanga chumba gesti ya mbali. Nilitaka kumwona fundi akifanya kazi wakati anadhani hakuna anayemwona.

Nia yangu ilikuwa kupita tu kama muuza vigae, nitupe jicho, niondoke. Lakini Timazi aliniwahi.

"Umechelewa," alisema. "Wewe ndiye kibarua aliyetumwa na mzee wa mchanga?"

Nikaitikia kwa kichwa. Sijui kwa nini. Mtu akiulizwa kwa sauti ya kujiamini, kichwa hukubali kabla ya akili.

"Huna mdomo?"

Hapo nikakwama. Fundi huyu anaijua sauti yangu kwenye simu tangu linta, zile boriti za zege juu ya madirisha, zilipomwagwa. Nikaweka kidole kooni, nikakipitisha kama kisu, nikatikisa kichwa.

"Ulipasuliwa koo?"

Nikaitikia.

"Afadhali. Huyu mwingine hapa hanyamazi. Shika koleo."

Ndivyo nilivyoajiriwa kuchanganya zege kwenye nyumba yangu mwenyewe. Huyo mwingine, kibarua wanayemwita Redio, alinibatiza palepale. Nikawa Bubu.

Sasa niwaeleze habari ya simu yangu, maana ndiyo iliyokuja kunimaliza.

Simu niliiacha ng'ambo kwa mwenzangu wa chumba. Tunamwita Mpishi kwa kuwa ndiyo kazi yake, na kwa kuwa hata siku ya mapumziko huwezi kumtoa jikoni. Ni mtu wa neno lake. Siku nilipohamia kwake nilimwomba asiguse sufuria yangu moja niliyopewa na mama. Hajawahi kuigusa, hata siku aliyounguza zake zote.

"Dada na fundi wakiandika, jibu," nilimwambia. "Wakipiga, sema una mafua, sauti imepotea. Mama mwamkie, mwambie uko kazini. Fundi akitaka kubadilisha chochote, mwambie amsikilize dada."

"Wakishuku je?"

"Kataa. Atakayekuja na maneno kwamba nimesafiri, mkatalie. Wewe ndiye mimi."

"Hata akiwa wewe mwenyewe?"

"Hata nikiwa mimi mwenyewe," nikamjibu, na tukacheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Nilijiona nimepanga. Mimi ni mtu wa kupanga. Ujenzi nimejifunza mwenyewe, kwa vitabu vya maktaba na video, jioni baada ya zamu, mpaka ramani ya nyumba hii nikaweza kuichora kwa kumbukumbu. Chumba cha mama kipo mbele, kinatazama barabara. Mlango wake mpana, hauna kizingiti, maana magoti ya mama hayataki tena kupanda kitu. Bafu ni humohumo ndani. Vingine vyote katika nyumba ile vingeweza kukosewa. Hicho hapana.

Siku ya kwanza nilikipima chumba hicho kwa hatua zangu nikiwa nimebeba karai kichwani. Kilikuwa sawasawa.

Siku ya pili tulirudi kutoka mapumziko ya mchana tukakuta mchanganyiko uliobaki umeanza kukaza kwenye ubao. Redio akachukua ndoo ya maji.

"Tuufufue," akasema. "Ukinyweshwa kidogo unaamka."

"Mwaga," Timazi akamwambia.

"Wote huu, fundi?"

"Wote. Ukishaanza kushika, ukiutia maji unakudanganya. Leo unalala vizuri ukutani, mwakani unaanguka kama unga."

"Mwakani mwenyewe atakuwa hukohuko ng'ambo," Redio akasema. "Yule tajiri haoni kitu. Anajenga kwa simu. Akitaka kuona ukuta anaiuliza betri kama imejaa."

"Haoni yeye. Mimi naona. Mwaga."

Redio akamwaga, akininong'oneza, "Bubu, una bahati wewe. Ungekuwa na mdomo ungesema naye, ungepandwa na presha."

Mimi nilikuwa nimeinama juu ya mchanga nikijifanya nachekecha. Machozi yalikuwa karibu. Mtu niliyemtafuta miaka yote hii alikuwa amesimama mbele yangu, anamwaga mchanganyiko mbovu ambao hakuna mwingine angeujua.

Ningevua kitambaa saa ileile. Nilishanyoosha mkono. Ndipo Redio, ambaye hanyamazi, akauliza, "Fundi, hivi ile nyumba ya ghorofa uliiachia nini nusu?"

"Tajiri alinitumia mpelelezi," Timazi akasema, akiikunja kamba yake. "Akajifanya fundi wa rangi. Alikaa nasi wiki nzima, anakula nasi, kumbe anatupima. Nilipojua, niliosha mwiko wangu nikaondoka."

"Na kazi ilikuwa nzuri?"

"Kazi ilikuwa nzuri, ndiyo maana niliondoka. Ningekuwa mwizi ningeona haki yake. Mtu asiyeniamini aniulize usoni. Akinichungulia kwa tundu la ufunguo, simjengei."

Mkono wangu ukarudi kwenye chekeche.

Mnaona nilivyokuwa. Nikisema mimi ni nani, nampoteza fundi mwaminifu. Nisiposema, nabaki bubu. Nikajiambia, mwenda pole hajikwai. Nitamaliza siku zangu kimya, nitaondoka kama kibarua aliyechoka, nitampigia kutoka ng'ambo nimpe kazi ya paa na kila kitu. Hatajua milele.

Ungekuwa mpango mzuri, kama si mama.

Mama anaishi na dada yangu, mtaa wa pili kutoka kwenye kiwanja. Kila siku kabla jua halijawa kali anakuja kwa fimbo yake, jagi la maji mkono wa pili, kuwanywesha mafundi. Macho yake yote mawili yana mtoto wa jicho. Anawajua watu kwa sauti, na mimi sikuwa nayo.

"Huyu mgeni mbona haitikii salamu?" aliuliza siku ya kwanza.

"Hana sauti, mama," Timazi akamwambia. "Ni Bubu."

"Maskini. Basi mimi nitaongea kwa niaba ya wote wawili."

Akaketi juu ya rundo la matofali karibu yangu, akaongea. Wasomaji wangu, nimewahi kusimama kwenye foleni za uhamiaji, nimewahi kulala kwenye vituo vya basi kwa baridi ya kukata masikio. Sijawahi kupata shida kama ile ya kumiminiwa maji na mama yangu nikashindwa kusema asante.

"Kunywa, Bubu wangu," alisema. "Mwenye nyumba hii ni mwanangu. Mwanangu mzuri, ila ana maneno mengi ya saruji. Akinipigia ananiuliza matofali yamefika, mchanga ni wa mto au wa shimo. Mimi najua mchanga?"

Nikatikisa kichwa, ingawa hakuwa akiona.

"Lakini wiki hii amebadilika. Ana mafua, sauti imekuwa nzito, lakini anacheka. Jana aliniuliza nimekula nini. Nikamwambia. Akaniuliza nimekipikaje. Miaka tisa hajawahi kuniuliza nimekula nini."

Huyo alikuwa Mpishi. Maji yalinipalia.

"Polepole," mama akasema, akanipiga mgongoni. "Na koo lenyewe bovu."

Siku ya tatu akainamisha kichwa kama mtu anayetaka kusema siri, na akakumbuka kwamba kwangu siri haina pa kutokea.

"Nasikia chumba changu kitakuwa duka," akasema. "Binti yangu anasema pale mbele zitatoka fremu mbili za kupangisha, mimi nitahamia nyuma. Sijasema kitu. Anayenishika mkono usiku kwenda msalani ni yeye, nimwambie nini? Ila nilishazoea kukikaa kile chumba akilini. Nilishajua kitanda kitakaa wapi."

Nilibaki nimeshika kikombe kitupu. Ramani yangu haikuwa na duka.

Nilichofikiri kwanza ni kwamba Timazi amekubaliana na dada. Ndiyo maana kazi nyingine inakwenda vizuri, nikawaza. Mwizi mjanja hasafishi nyumba yote, anachukua chumba kimoja. Siku mbili nilimtazama kwa jicho hilo, na siku mbili mwiko wake haukunipa kosa hata moja.

Siku ya sita dada akaja.

Nilimgeuzia mgongo, nikainamia zege. Alikuwa amenenepa kidogo, na kutembea kwake kulikuwa kwa mtu mwenye mambo mengi kuliko saa za siku.

"Fundi, habari za kazi?"

"Nzuri, dada."

"Ule ukuta wa mbele mbona bado umesimama? Mwenye kufunga milango ya chuma anakuja kesho kupima."

"Ukuta wa chumba cha mama?"

"Ukuta wa fremu."

Timazi akaweka mwiko chini. "Dada, nilikwambia juzi. Mimi sivunji ukuta wa mtu kwa mdomo wa dada yake. Nimsikie mwenyewe."

"Mwenyewe ndiye aliyeniweka mimi hapa."

"Amekuweka kusimamia. Kusimamia na kuvunja ni vitu viwili."

Kwa hiyo hakuwa amekubaliana naye. Alikuwa amemzuia peke yake, siku zote zile nilizokuwa namtilia shaka.

"Fundi," dada akasema, na sauti yake sasa ilikuwa ya uchovu zaidi ya hasira. "Hii nyumba ikiisha nani atalipa taa, maji, dawa za mama? Kaka yangu anatuma hela ya matofali. Hela ya panadoli naokoteza mimi. Nikiwa na fremu mbili sitampigia mtu simu kuomba. Mama akikaa mbele au nyuma, si ni nyumba ileile?"

"Huenda una haki," Timazi akasema. "Nimsikie mwenyewe."

"Mpigie basi. Mpigie mbele yangu."

Timazi akafuta mikono kwenye suruali, akatoa simu, akaweka sauti kubwa ili dada naye asikie. Ikaita. Mimi nilikuwa nimesimama hatua chache kutoka pale, koleo mkononi, nikisikia mlio wa simu yangu mwenyewe ukiita ng'ambo.

"Haloo, fundi wangu," ikasema sauti nzito ya mafua.

"Tajiri, pole na mafua. Hayajapoa tu?"

"Baridi ya huku haina adabu. Lete habari."

"Niko na dada hapa. Anasema tuvunje ukuta wa mbele wa chumba cha mama, tutoe fremu za duka. Mimi nimesema sivunji mpaka nikusikie wewe. Unasemaje?"

Nikamwomba Mungu simu ikatike. Haikukatika.

"Sikiliza, fundi," Mpishi akasema, polepole, kama mtu anayesoma kitu alichokariri. "La kubadilisha lolote, msikilize dada yangu. Akisema vunja, vunja. Sawa?"

"Una hakika, tajiri? Ukuta ukishalala haurudi."

"Sawa kabisa. Dada yangu ndiye mimi. Mama amekula?"

Dada hakutabasamu. Alitazama chini tu, kama mtu aliyeshinda kitu kizito na hajui akiweke wapi.

Timazi akaitia simu mfukoni. Kisha akasema, "Haya. Mwenye mali amesema." Akaokota nyundo kubwa, akaipima, akanitazama. "Bubu, wewe una mikono mizuri. Anza wewe, juu kushuka chini. Usipige katikati, usije ukaidhuru linta."

Akaniwekea nyundo mkononi.

Nilisogea mpaka kwenye ukuta ule. Ulikuwa ukuta mzuri, viungo vimejaa, mistari imenyooka. Nikaona tundu la dirisha ambalo mama angekaa nyuma yake. Nikainua nyundo nusu, nikaishusha.

"Bubu, vipi?"

Nikavua kitambaa.

"Fundi," nikasema, "usivunje."

Redio alidondosha karai. Nilikuwa sijasema neno kwa siku nyingi na sauti ilitoka na kutu, lakini ilitoka.

"Bubu amepona," Redio akasema taratibu. "Fundi, nami nipe nyundo hiyo niishike, nina mgongo unaniuma."

Timazi hakucheka. Alikuwa ameinamisha kichwa upande, kama anavyofanya anapotazama kamba yake ikitulia. "Sauti hii," akasema. "Sauti hii ninaijua."

"Ni mimi. Mwenye nyumba. Uliyeongea naye ni mwenzangu wa chumba, nilimwachia simu. Nisamehe. Nilikuja kukutazama."

Kisha Timazi akamgeukia dada. "Dada, huyu ni kaka yako?"

Dada alinitazama. Sikuona mshangao usoni mwake kwa zaidi ya kufumba na kufumbua. Aliniangalia ndevu, akaniangalia kovu la kidoleni nililolipata nikimkatia muwa alipokuwa mdogo. Alinijua. Nawaapia alinijua.

"Simjui," akasema.

"Dada."

"Usiniite dada. Kaka yangu yuko ng'ambo. Si mmemsikia sasa hivi nyote? Huyu ameingia hapa kwa kujifanya bubu, amekaa siku zote hizi anasikiliza habari za watu, leo amejua kila kitu amejifanya tajiri. Fundi, uliwahi kumwona mwizi anayekuja na njia moja tu?"

"Nina pasi ya kusafiria gesti," nikasema. "Twende mkaione."

"Akifika nje ya lango hilo hamumwoni tena."

Timazi akainua mkono, wote tukanyamaza. "Sauti si kitambulisho," akasema. "Nina namba moja niliyopewa, ndiyo iliyonilipa mwaka mzima." Akapiga tena, sauti kubwa.

"Tajiri, samahani. Kuna mtu hapa anasema yeye ndiye wewe."

"Mpishi," nikaita kwa nguvu, "ni mimi. Waambie ukweli. Mpango umekwisha."

Nilimwona Mpishi kama vile niko naye: amesimama jikoni kwetu, mwiko wa kupikia mkononi, anakumbuka alichoahidi.

"Simjui huyo," ikasema sauti ya mafua. "Mwenye nyumba ni mimi. Niko kazini."

"Mpishi, ni mimi mwenyewe."

"Hata akiwa yeye mwenyewe," Mpishi akasema kwa uthabiti, "mkatalieni." Akakata.

Miaka tisa nimetafuta watu waaminifu. Siku hiyo niliwapata wawili, na ndio walionifunga.

Timazi aliirudisha simu mfukoni. Usoni hakuwa na chuki. "Nitafanya hivi," akasema. "Utakaa stoo. Jioni, kazi ikiisha, nitakwenda na wewe gesti kwa miguu yangu. Kama wewe ni yeye, nitakuomba radhi, nitaosha mwiko wangu na utatafuta fundi mwingine. Kama siye, nitakwenda na wewe kituoni."

"Na ukuta?"

"Ukuta nimepewa amri."

"Subiri mpaka jioni basi. Mchana mmoja tu, fundi."

"Nikimsubirisha mwenye mali kwa ajili ya mtu aliyeniongopea tangu siku ya kwanza," akasema, "nitakuwa fundi wa namna gani?"

Ni jibu ambalo ningelitaka yeye ampe mtu mwingine yeyote.

Stoo iko nyuma, kando ya choo cha mafundi. Ina mifuko ya saruji, nondo zilizobaki na tundu la hewa dogo kama bahasha. Mlango wake ni wa chuma. Niliuchagua mwenyewe kwa picha, nikamwandikia Timazi kwamba nataka mlango ambao mwizi hawezi kuufungua kwa ndani wala kwa nje. Alininunulia uleule niliouomba.

Redio ndiye aliyenisindikiza. "Usinichukie," akasema. "Mimi nilikusema vibaya, lakini nilidhani ni mwingine. Kama ni wewe, yale ya betri yalikuwa utani." Akafunga komeo.

Hazikupita dakika nyingi nikasikia viatu vya dada upande wa pili.

"Kaka," akasema kwa sauti ndogo.

"Kwa hiyo unanijua."

"Ungepiga hodi kama watu, ningekupikia. Umekuja kutuchungulia kama mwizi, nami nimekuita jina ulilojichagulia."

"Nilikuwa namchungulia fundi."

"Siku ngapi mama anakumiminia maji, kaka? Alikuwa fundi naye?"

Nikaweka paji la uso kwenye chuma. Kilikuwa cha moto.

"Nitakufungulia mwenyewe jioni," akasema. "Ukuta ukiwa chini utanipigia kelele, utakasirika, kisha utarudi kazini kwako, na mimi nitabaki na mama. Ndivyo ilivyo siku zote. Umekaa miaka tisa huko. Kaa kidogo humo."

"Chumba kile ni cha mama."

"Mama ni wa nani?"

Akaondoka. Nilijaribu kumkasirikia, na nikaona inanichukua muda kuliko nilivyotegemea. Kila neno alilosema nililipima, na mengi yalikuwa yamesimama wima.

Kisha nikasikia pigo la kwanza. Juu, pembeni, mbali na linta. Nikajua kwa mlio wake kwamba nyundo ilikuwa mikononi mwa Timazi mwenyewe, kwa sababu tofali lilitoka zima. La pili nalo likatoka zima. Hata kubomoa alikuwa anabomoa vizuri.

Ndipo nikasikia fimbo.

Tok, tok, juu ya vipande vya matofali, taratibu. Siku ile alikuwa amechelewa. Nyundo ikatulia.

"Mnafanya nini na chumba changu?" mama akauliza. Fimbo ikagonga tofali lililoanguka. "Haya. Bubu yuko wapi? Nimemletea maji."

"Mama," Timazi akasema, "Bubu si bubu. Alikuwa anatudanganya. Tumemfungia stoo. Pengine ni mwizi."

"Ameiba nini?"

"Bado."

"Bado," mama akarudia. "Mmempa maji?"

"Mama, twende nyumbani," dada akasema. "Jua hili si lako."

"Nimeuliza, mmempa maji? Mwizi naye ana mama."

Fimbo ikaanza kuja. Ikapita kando ya pipa, ikapita kando ya nondo, na nyuma yake hatua za dada, za haraka, kisha zikasimama, kama mtu aliyeshikwa mkono akaambiwa amwache. Mama alifika mlangoni. Nilisikia kucha zake zikitafuta ukingo wa mlango, zikapata upenyo ulioko chini, na bakuli dogo la plastiki alilofunikia jagi likasukumwa ndani, nusu ya maji ikimwagika sakafuni.

"Kunywa polepole," akasema. "Koo lako."

Sikunywa.

"Wanasema una sauti," akaendelea. "Siku zote nimekueleza habari za mwanangu, kumbe ulikuwa unaweza kunijibu. Si vibaya. Nami nina mengi nayasikia nisiyajibu. Ila sasa nimechoka kuongea kwa niaba yetu wawili. Kama una sauti, niamkie nikusikie."

Nje nilimsikia Redio akimeza mate. Dada alikuwa pale. Timazi alikuwa pale, nyundo mkononi. Na yule mwana mwingine wa mama, mchangamfu, mwenye mafua, anayeuliza watu wamekula nini, alikuwa ng'ambo na simu yangu.

Nikapiga magoti kwenye maji yaliyomwagika, nikaweka mdomo karibu na ule upenyo.

"Shikamoo, mama."

Fimbo yake iligonga sakafu mara moja, ikatulia. Niliona vivuli vya miguu yake chini ya mlango, havisogei mbele, havirudi nyuma.

Nikangoja marahaba yangu.